Mapacha wa Penseli

Katika mji wote wa Shinyanga, mwanamke wa kwanza kukaa ghorofani kwa jina lake mwenyewe, bila mume, bila baba, bila kaka wa kumsemea, ni mimi Generosa. Nilikaa miezi minne. Na jina lenyewe niliingia nalo daftarini kwa kuliandika mwenyewe, kwa penseli, wenzangu wakiwa wametazama pembeni.

Mkishamaliza kucheka niwaeleze.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Jengo lilikuwa karibu na stesheni ya reli: vyumba sita chini, sita juu, ngazi ya mbao katikati, na roshani iliyotazama barabara. Lilijengwa na tajiri mmoja wa pamba kwa ajili ya makarani wake. Makarani walipohama tukaingia sisi, wapagazi, mafundi na wauza vitumbua. Lilikuwa ghorofa kwa kulitazama kutoka mbali tu. Mvua ikinyesha, wa juu walifungua miavuli wakiwa kitandani, nasi wa chini tulioga. Mchwa walikuwa wapangaji wa siku nyingi kuliko sisi sote, na hawakuwa na mpango wa kuhama.

Tajiri akachoka nalo, akataka kulibomoa ajenge ghala. Wapangaji wakamwendea kumsihi. Naye, sijui ni kwa huruma au ni kwa kutuchoka, akasema: litengenezeni wenyewe, lisimamieni wenyewe, gaweni vyumba mnavyojua. Mkipata cheti cha Bwana Afya kabla mvua hazijaanza, nawaachia. Mkikikosa, nabomoa.

Wakati ule Usukuma nzima ilikuwa na homa ya ushirika. Wakulima wa pamba walikwisha kuungana na kuweka watu wao wenyewe kwenye mizani, na baada ya hapo mtu mwenye kuku watatu naye alitaka kuunda chama. Basi nasi tukaunda Ushirika wa Wakaaji. Mwenyekiti akawa Mzee Ngassa, msimamizi wa wapagazi, mtu wa miaka sitini, mpole, mwenye mabega kama mlango. Ujana wake wote alikuwa kiongozi wa vikundi vya kulima, vile ambavyo watu hupanga mstari shambani, ngoma ikapigwa, na jembe la mvivu likaimbwa jina. Hakujua kusoma wala kuandika. Katibu nikawa mimi, kwa sababu nilisoma hadi darasa la nne kwa masista, na wengine wote walioweza kuandika walikuwa na kazi za maana za kufanya.

Sasa kuhusu chumba changu. Sikuwa na chumba. Nilikuwa na tundu chini ya ngazi. Nilikaa humo na karai langu la vitumbua, na kila aliyepanda ngazi alinimwagia vumbi la mchwa kwenye unga. Wateja wangu pale stesheni walisema vitumbua vyangu vina ladha ya peke yake. Sikuwabishia.

Nilifika hapo nikitoka Geita, kwenye machimbo ya dhahabu, nilikokuwa na mume anaitwa Donatus. Donatus alichimba dhahabu miaka sita, na katika miaka yote hiyo kitu pekee cha manjano alichokileta nyumbani ni macho yake ya asubuhi. Tulikaa kwenye mabanda ya wachimbaji, mlango mfupi mpaka uiname, na yeye akilewa alisimama mlangoni humo na ngumi zake, hapakuwa na pengine pa kupitia. Nikaondoka na karai. Niliapa kwamba nyumba yangu inayofuata nitaikwea.

Kikao cha kwanza cha ushirika kikatoa sheria mbili. Ya kwanza: kila mlango utoe mikono ya kazi. Ya pili: vyumba vitagawiwa upya, na mwenye watoto wengi atakwenda juu penye hewa. Mtu wa peke yake hana chumba. Na ngazi ile ingeng'olewa, ijengwe mpya, na chini yake pawe stoo ya majembe na ndoo. Mzee Ngassa alisema hayo akinitazama kwa masikitiko ya kweli. Alisema mwanamke mmoja hawezi kushika chumba wakati familia zinabanana, ila nisiogope, ushirika utanitafutia nauli ya lori la kwenda Geita, nikapatane na mwenzangu.

Nauli ya kwenda kwa Donatus. Nikamshukuru, nikainama kwenye daftari kuandika orodha ya wakaaji, mlango kwa mlango. Nilipofika jina langu, penseli ilisimama kidogo. Halafu ikaendelea yenyewe. Niliitazama ikiandika: Generosa, watoto wawili, wako Buseresere kwa bibi yao, watakuja.

Ingeishia hapo labda ningesalimika. Lakini darasa la nne lina hasara yake, mtu hupenda kupamba. Nikaongeza neno moja: pacha.

Orodha ikasomwa kwa sauti, na msomaji ni mimi. Nilipofika kwenye jina langu nilisoma haraka kama mtu anayepita mbele ya mbwa. Mzee Ngassa akaninyanyulia mkono.

"Pacha? Wewe una mabasa?"

Mabasa ndio mapacha kwa Kisukuma, na kwa Msukuma wa siku zile mapacha hawakuwa watoto tu, yalikuwa mambo. Walikuwa watu wa mvua. Mzazi wao alikuwa na dawa zake, ngoma yake na miiko yake. Mimi nilizaliwa Mzinza, na hayo niliyasikia juu juu. Nilidhani nimeandika watoto wawili. Kumbe nimeandika cheo.

Mzee Ngassa, ambaye jana yake aliniita "wewe dada wa chini ya ngazi," alivua kofia. "Mwangaluka, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. Aliniita mama, na umri wake ulikuwa mara mbili ya wangu. "Kumbe tunakukanyaga kichwani kila siku na wewe ni Mama Kulwa. Mbona hukusema?"

Nikajibu kwamba sipendi kujikweza. Katika uongo wote wa mwaka ule, huo ndio uliokuwa mkubwa kuliko wote.

Kulwa na Doto, basi, ndio majina ya wanangu, maana pacha wa Kisukuma hawana majina mengine, na mimi nilishukuru kwamba angalau kazi ya kuwatafutia majina imefanywa na mila. Nikapewa chumba cha juu, cha pembeni, chenye roshani. Mwanaima ndiye aliyekuwa akikitaka. Mwanaima alikuwa mtu wa Tabora, mama wa watoto wanne waliojitokeza kwa macho na kwa makelele, mwenye ulimi uliokata mpaka kamba ya kisima. Alinitazama nikipandisha karai langu.

"Hongera, Mama Kulwa," alisema. "Mimi wanangu wananila mpaka kucha. Wako hata kikohozi chao hatujakisikia. Umebarikiwa."

Kazi ikaanza mwezi wa sita, pamba ikishavunwa. Mzee Ngassa aliiendesha kama shamba: wa juu kundi moja, wa chini kundi jingine, ngoma uani, na anayezembea anaimbwa. Wanaume waliteremsha mabati yenye kutu, wakaziba matundu kwa lami. Thobias, fundi seremala, aling'oa mbao zilizoliwa akaweka za mninga. Wanawake walibeba maji na chokaa. Mimi sikubeba. Mzazi wa mapacha, alisema Mzee Ngassa, habebeshwi mzigo na watu wengine, yeye hubariki. Kila asubuhi nilipewa bakuli la maji yenye unga wa mtama na tawi la majani, nikawanyunyizia wafanyakazi mmoja mmoja kabla hawajapanda kwenye paa. Sikujua niseme maneno gani, kwa hiyo nilinong'ona yale niliyokumbuka ya shule: mbili mara mbili nne, mbili mara tatu sita. Hakuna aliyeanguka, kwa hiyo sitaki kuambiwa kwamba hesabu haina faida.

Sehemu iliyonikosesha raha ilikuwa nyimbo. Kwa desturi yao mama wa mapacha huimbiwa matusi, mazito, ya sehemu zile, na haruhusiwi kukasirika, ni heshima. Wapagazi kumi na wawili juu ya paa, mbele ya stesheni nzima, abiria wakichungulia madirishani, waliimba habari za mwili wangu kwa sauti nne. Mwanamke aliyezaa pacha anayavumilia, anajua amefanya nini. Mimi nilitukanwa kwa kazi ambayo sikuifanya.

Halafu zawadi. Cha mapacha hutolewa viwili, na viwe sawa, wasije wakaoneana wivu. Nililetewa vigauni viwili. Nililetewa vijiko viwili, vifaranga viwili, ndizi zilizoshikana. Zipora, mke wa Mzee Ngassa, mama mkimya asiyemaliza sentensi, alinisukia mikeka miwili midogo kwa mikono yake yenye baridi yabisi. Nilivipanga vyote ukutani. Kuna siku nilirudi kutoka stesheni nikakitazama chumba, mikeka miwili, vigauni viwili, na nikajikuta nawaza kwamba Doto atataka ule mkeka wa upande wa dirisha. Nilijipiga kofi la kichwa.

Walipouliza watakuja lini, nilisema baada ya kupona surua. Halafu baada ya mavuno. Halafu lori la Buseresere limeharibika. Surua ile, Mwanaima alisema, ni ya kienyeji sana, inapona ikiona lori halipo.

Lakini nilikuwa juu. Jioni nilikaa roshanini na kikombe changu, nikatazama vichwa vya watu. Mtu ambaye hajawahi kukaa chini ya ngazi hawezi kujua raha ya kuona upara wa mwanaume ambaye miaka miwili umekuwa ukiona soli zake.

Mwezi wa kumi Bwana Afya akaja. Aliitwa Marselino, kijana mrefu mwenye kaptura iliyopigwa pasi mpaka ikasimama, na penseli yenye kifutio, kitu ambacho mimi sikuwa nacho na ndicho kilichoniponza. Alikagua paa, akapanda ngazi mpya, akarukaruka juu ya mbao, akachungulia choo kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Akasema kazi ni nzuri, hajaona nzuri kama hii katika mji huu. Tukaanza kupiga vigelegele. Akanyanyua mkono, akaomba daftari la wakaaji.

Alilisoma palepale uani, sisi tumemzunguka. Alihesabu mara mbili. Kisha akatuambia kwamba vyumba kumi na viwili vya ukubwa ule, kwa sheria ya mji, ni vya watu thelathini. Kwenye daftari tumeandika thelathini na tisa. Kwa idadi ile cheti hakitoki. Angerudi mwaka ujao.

Mwaka ujao pangekuwa na ghala.

Tukasikia injini ya treni ikipumua kule stesheni. Halafu Thobias seremala akakohoa. Akasema, kwa kweli, wale shemeji zake wawili alioandikisha, wanakaa Runzewe. Wamekaa Runzewe siku zote. Hata njia ya kuja Shinyanga hawaijui. Bwana Afya akafuta wawili.

Mwanaima akatazama juu ya paa, akasema kwamba yule mjukuu wake kwenye orodha bado hajazaliwa. Na binti mwenyewe bado hajaolewa. Bwana Afya akafuta. Mwingine akasema mama mkwe wake ni kweli alikaa hapa, lakini alifariki mwaka wa arobaini na tisa. Jina likafutwa. Wengine watatu wakafuata, mmoja mmoja, kama watu wanaokwenda kuungama, na kila jina lililofutwa watu walicheka kidogo zaidi, kwa sababu tuligundua kwamba ghorofa letu lilikuwa na mizimu saba na hakuna aliyewahi kubanana na yeyote kati yao. Nilidhani mimi ndiye mwongo. Kumbe nilikuwa katibu tu.

"Thelathini na wawili," akasema Bwana Afya. "Bado wawili."

Hakuna aliyenitazama. Hilo ndilo nisilolisahau. Hata Mwanaima, sijui kwa nini, alitazama miguu yake. Walijua nani wamebaki kuwa wawili, na hakuna aliyekuwa tayari kulisema, maana nani atafukuza mapacha mvua zikiwa zinakaribia?

Mzee Ngassa akasimama. Alisema kwamba yeye na Zipora hawana mtoto wa kulea tena. Mdogo wake ana boma Ibadakuli, na si mbali, ataweza kuja kazini kwa miguu. Wao wawili watatoka. Jengo limepona, alisema, na hilo ndilo alilolitaka; wana wa Mama Kulwa waje wakae kwenye mikeka yao. Kisha akaketi na kuanza kuitafuta kofia yake, nayo ilikuwa kichwani.

Mzee yule alikuwa ameshika lami ya moto kwa mikono yake miezi minne. Nikasimama. Nawaambia nilisimama nimeamua kusema kweli, na kweli ilikwisha kufika hapa kooni. Lakini nyuma yake nikauona mlango mfupi wa Geita, na Donatus amesimama ndani yake. Kweli ikarudi tumboni, ikapishana na kitu kingine kilichokuwa kinapanda.

"Mzee Ngassa, usiondoke," nikasema. "Nimepata barua leo asubuhi. Nilikuwa naona uchungu kuisoma."

Nikaingiza mkono kwenye pindo la kanga. Humo mlikuwa na karatasi, ndiyo, ya kufungia vitu. Asubuhi ile nilikuwa nimetoka dukani. Nikaikunjua, nikaishika mbali kidogo na Bwana Afya, nikasoma kwa sauti ya kikanisa.

"Kwa dada mpendwa Generosa. Salamu nyingi kama mchanga wa ziwani. Mimi kaka yako Theonest ni mzima, hofu ni kwako tu uliye mbali na upeo wa macho yangu. Baada ya salamu, nakujulisha kwamba wana wote wawili, Kulwa na Doto, wameanza shule ya masista hapa Buseresere, na bibi yao ana kikohozi, hawezi kuachwa peke yake. Kwa hiyo hawatakuja Shinyanga tena mpaka wakue. Usilie. Vigauni vyao wape watoto wa jirani. Ni mimi kaka yako."

Nilikuwa nimeipenda barua ile hata mimi. Ilikuwa na kila kitu: wana wamepona, wazee wamebaki, cheti kimetoka, na mama wa mapacha ni mama wa mapacha hata wanawe wakiwa mbali, chumba chake nani atamnyang'anya? Bwana Afya alifuta wawili. "Thelathini," akasema, akaanza kuandika cheti. Watu walishangilia. Mwanaima alinishika bega, machozi yakimtoka, na nikaona haya kidogo, si nyingi.

Mzee Ngassa ndiye aliyefurahi kuliko wote. Alimwita Zipora, aliyekuwa jikoni akigeuza ugali, asiyejua kwamba amehama na kurudi katika muda wa chungu kimoja. Akamketisha kwenye kigoda mbele yangu.

"Msomee na mama yako," akaniambia. "Yeye ndiye aliyesuka mikeka. Asikie mwenyewe."

Nikasoma tena. Nilikuwa nimepata moto. Salamu nyingi kama nyota za mbinguni, nikasoma, na mimi kaka yako ni mzima, na baada ya salamu, wana wamechukuliwa na bibi yao wa Geita, mama yake Donatus, mzee mwenye nguvu zake, bado anacheza ngoma, naye amewapenda mno na hataki kuwaachia. Nikamaliza. Nikafuta jicho kwa ncha ya kanga.

Zipora alinipa pole. Wengine walikwisha kurudi kwenye vicheko vyao. Mzee Ngassa peke yake hakucheka. Mtu asiyejua kusoma hana mahali pengine pa kuweka maneno ila kichwani, na akishayaweka hayasogei.

"Mayu," akasema taratibu. "Mara ya kwanza bibi alikuwa Buseresere, anakohoa. Sasa yuko Geita, anacheza ngoma."

Nikasema barua ni ndefu, mengine niliyaruka.

Akanyoosha mkono, nami, kwa mazoea ya kumtii, nikampa karatasi. Bwana Afya aliinua penseli. Mzee Ngassa aliigeuza juu chini, akaigeuza nyuma mbele, akaisogeza kwenye mwanga kama wanavyofanya wasomaji. Mwishowe aliinusa, akatoa ulimi, akailamba kwenye pembe.

"Chumvi," akasema, akampa Bwana Afya naye aonje.